Maji Aliyotuchemshia Mama

Admin, jina langu libaki kwako, maana huku Kiplombe watu wananijua. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mjane, mwalimu mstaafu. Ninaishi na Senge, yaani dada ya baba yangu, ambaye amezeeka sana na hatoki tena kitandani. Mimi ndiye namlisha, namuosha, namgeuza. Ninampenda. Hilo mlijue kwanza kabla sijawaambia mengine.

Nilikuwa mtoto mdogo sana Uhuru ulipokuja. Baba alikuwa amekamua ng'ombe za mzungu mmoja sehemu inayoitwa Ziwa tangu ujana wake. Mzungu alipouza shamba akaenda kwao, baba na wenzake waliungana wakalinunua, wakagawana. Kipande chetu kilikuwa na kisima cha mawe, na karibu yake dipu ya zamani, ile mitaro ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Ilikuwa imebomoka, imejaa udongo, na sisi watoto tulicheza hapo. Baba alijivunia kisima hicho. Wenzake wote, hata Senge, walikuwa wanateremka mtoni, lakini bibi yake, yaani mama yangu, alichota mlangoni pake.

Nesi wa zahanati aliwafundisha akina mama kuchemsha maji ya kunywa. Wengi walisikia wakaenda zao. Mama yangu alishika. Hakutaka yachemke kidogo tu, aliyaacha yatokote mpaka yapungue kwa sufuria ndipo aridhike, halafu anayachuja kwa kitambaa cheupe na kufunika mtungi. Senge alikuwa anamcheka. "Unawapikia watoto maji kama ugali?" Mama anajibu tu, "Afadhali nichekwe, watoto wangu wasiumwe."

Lakini waliumwa. Mimi nilikuwa shuleni siku nzima na baba alishinda mashambani, ila wadogo wangu wawili walishinda nyumbani na mama. Kiprono ndiye alianza. Tumbo, kutapika, kukonda. Ngozi yake ikatoka madoa meusi kama matone ya mvua kwa vumbi, na viganja vikawa vigumu kama vya mzee. Mikono ya mama nayo ilikuwa imekuwa hivyo hivyo, lakini nani alitazama mikono ya mama? Yeye alizidi kuchemsha. Mtoto akizidiwa, yeye anaongeza kuni. Kiprono akafa. Baada ya muda Chebet, kitinda mimba wetu, akamfuata.

Siku ya kumzika Chebet, Senge alisimama mbele ya watu wote. Walipokuwa hai alikuwa akiwabeba watoto hao mgongoni, na sasa alikuwa analia. "Sisi wa mtoni tunakunywa maji mabichi na watoto wetu ni wazima. Wewe unaweka nini kwa hiyo sufuria?"

Mama aliingia ndani, akatoka na kikombe, akanywa maji hayo yote mbele yao. Akakigeuza chini waone.

Senge akasema, "Mchawi hadhuriwi na dawa yake."

Nilimwangalia baba. Baba aliangalia chini.

Mama alirudishwa kwao Kapsabet, mimi nikapelekwa kwa Senge. Baba alioa tena, na mama wa kambo, kwa kuogopa, hakugusa kisima. Alichota mtoni. Watoto wake wakakua wazima kabisa. Mnaelewa? Ikawa ndiyo ushahidi.

Mama alirudi mara moja tu. Alisimama kwa geti la Senge, amekonda, akaniita. Nilikimbia, lakini Senge alinishika mkono akanivuta ndani. Nikamsikia mama akipiga kelele nyuma ya ua, "Mwanangu, chemsha maji! Usisahau kuchemsha maji!" Senge akaniwekea mkono kichwani na kuniombea, akidhani ni laana. Sikumwona mama tena. Nilisikia amekufa wakati ameshazikwa. Mpaka leo, sufuria ikianza kutokota mimi hutoka jikoni.

Juzi ndugu yangu wa kambo alitaka kufungua kile kisima, kwa sababu maji ya mfereji yanapotea kila mara. Alileta binti wa kupima maji. Binti huyo aliporudi na majibu nilikuwa hapo. Akauliza, "Hapa kulikuwa na dipu ya ng'ombe?" Nikamwambia ndiyo. Akasema sumu ya ile dawa ya zamani iliingia ardhini mpaka kwa maji.

Nikamuuliza, "Na mtu akichemsha?"

"Hapana, Mama. Hiyo si kijidudu. Ukichemsha, maji yanapungua, sumu inabaki. Inakuwa kali zaidi."

Nilikaa chini kwa nyasi. Mama yangu aliwapa sumu kwa upendo wote aliokuwa nao, na hakujua. Alikufa akijiuliza alikosea wapi.

Ndugu yangu alikiziba kisima kwa simiti. Senge aliposikia aliniuliza maji yalikuwaje, nikasema tu si mazuri. Akatikisa kichwa. "Niliwaambia. Mama yako alikiharibu." Ndugu yangu anasema ninyamaze, mzee wa watu aende kwa amani, kwani nikimwambia ukweli nitamuua. Mimi nafikiria kaburi la Kapsabet ambalo hakuna mtu wa huku amewahi kulikanyaga.

Sasa Senge pumzi zinapungua. Jana alinishika mkono akaniambia Jumapili niite pasta, tuombe pamoja, kwa sababu hataki kwenda na kinyongo. Ameamua kumsamehe mama yangu.

Ninyi wenye mama, nisaidieni. Jumapili pasta akimaliza, niseme amina?