Mama Mlango na mashine isiyolala

Saa mbili asubuhi, kituo cha mabasi ya masafa marefu kimejaa hadi mtu akitaka kupiga chafya inabidi aombe nafasi. Makuli wanapita na masanduku vichwani. Wapiga debe wanamgombania abiria mmoja kama ndugu wanaogombania urithi. Juu ya makelele yote hayo, kutoka kwenye spika zilizofungwa nguzoni, sauti ya mwanamke inasema taratibu: "Abiria wa basi la mpakani, elekeeni mlango wa tatu. Safari njema."

Sauti ina mafua kidogo.

Mwenye sauti hiyo yuko ghorofani, kwenye chumba cha matangazo, mdomo ameufunga. Mbele yake kuna kompyuta mpakato nyeusi, mfuniko umefungwa kama kitabu kilichokwisha kusomwa. Hiyo ndiyo inayosema. Yeye ameiwekea kiganja juu, kama mama anayempima mtoto homa.

"Iko macho," anasema, na kuuondoa mkono.

Wapiga debe ndio waliompa jina la Mama Mlango, na siku hizi hata meneja wa kituo humwita hivyo hivyo. Ana umri wa miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na tisa hakuna basi lililoondoka hapa kabla hajalitajia mlango wake kwa kinywa chake. Kisha, miaka mitatu iliyopita, uongozi ukaleta laptopu na programu ya kutangaza. Alichotakiwa yeye ni kurekodi tu: majina ya safari, namba za milango, saa, na salamu ya kuagana.

Alipewa alasiri moja ya kurekodi, na siku hiyo alikuwa hoi kwa mafua. Aliomba asubiriwe apone. Akaambiwa fundi ana kazi kwingine kesho yake, aseme hivyo hivyo, nani atajua?

"Kwa hiyo mimi nina mafua mwaka wa tatu sasa," anasema. "Abiria wageni wakijua ni mimi hunipa pole. Mmoja aliwahi kuniletea malimau."

Mshahara haukupungua kazi ilipopungua, na hilo analishukuru. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha laptopu hailali. Mtu akisikia anaona mzaha, mpaka aelezwe.

Mwanzoni laptopu ilikaa wazi. Vumbi la mabasi likaingia kwenye vibonye, na paka wa kituo, asiyekosea penye joto, akagundua kwamba hakuna kitanda kama kile. Asubuhi moja alijilaza juu ya vibonye na spika zikaanza kuita mlango wa sita, mlango wa sita, mlango wa sita, mpaka nusu ya kituo ikahamia mlango wa sita, ambako hata basi halikuwapo. Meneja akaamuru mfuniko ufungwe.

Ukafungwa, na laptopu ikalala fofofo. Mashine hizi ukizifunika hudhani siku imekwisha. Ikabidi aitwe fundi wa kompyuta, aingie kwenye mipangilio ya umeme, pale panapoulizwa mfuniko ukifungwa mashine ifanye nini, achague isifanye chochote. Akasisitiza pia isichomolewe kwenye umeme. Tangu hapo inafunikwa na kazi inaendelea.

Ila ikifunikwa hupata joto. Mama Mlango ameiinua juu ya vipande viwili vya vigae ili hewa ipite chini, na feni ndogo ameielekeza ubavuni. Kwenye ubavu huo kuna kitaa. Kikiwaka mfululizo, iko macho. Kikianza kukonyeza, imelala. Kila asubuhi huinua mfuniko, hupitia ratiba ya siku, huufunga, kisha hukaa kukitazama kitaa. Kutwa.

Paka bado huja. Hulala juu ya mfuniko mpaka ahamishwe. "Paka analala, mashine hailali, mimi niko katikati," anasema Mama Mlango. Ndiye mgeni wake pekee wa kila siku.

Huko chini hawaishi kumtania. Mkata tiketi wa dirisha la kwanza, shoga yake tangu ujana, laptopu ameibatiza jina la mke mwenza. Wakikutana asubuhi penye ngazi humuuliza Mama Mlango huyo mke mwenzake ameamkaje. Mama Mlango humjibu kwamba ameamka salama, tena ndiye mpenzi wa bwana, maana akisema yeye nyumba nzima inatulia.

Ukimvuta pembeni, mkata tiketi huyo hushusha sauti. Anakumbuka enzi ambazo chumba kile kilikuwa kama soko: aliyepotelewa na mtoto alipanda, aliyesahau mzigo alipanda, mwenye umbea wake moto moto alipanda mbio zaidi ya wote. Ukitaka kujua nani kamwacha nani na dereva gani kahamia wapi, unakwenda kwa Mama Mlango.

"Sasa nani apande?" anauliza. "Anayesema siku hizi hana masikio."

Nyumbani nako Mama Mlango huishi peke yake. Mumewe alifariki kitambo. Binti yake wa pekee yuko nchi ya mbali, akitunza wazee wasiojiweza. Jioni mama anapotulia nyumbani, binti yuko zamu na simu hairuhusiwi. Nafasi yake ya kupiga ni wakati wa mapumziko, ambao kwa saa za huku huangukia pale pale mabasi yanapotoka kwa wingi.

"Nikipokea tu, tukishasalimiana, spika inaita," anasema. "Yeye anasikia sauti yangu, anajua natangaza. Anasema, 'Mama, nisikusumbue, uko kazini. Kunywa tangawizi, hayo mafua yamezidi.' Anakata. Na mimi nimekaa, sina hata ninalofanya."

Hajamwambia. Binti aliondoka kabla laptopu haijaja, na huko aliko huwasimulia wenzake kwamba mama yake ndiye sauti ya kituo kizima.

"Nitaanzia wapi kumwambia mama yako siku hizi analinda sanduku?"

Mwezi uliopita sanduku lenyewe lilimsaliti. Usiku lilijisasisha, na katika kujisasisha likasahau lilichofundishwa. Asubuhi Mama Mlango alipitia ratiba kama kawaida, akafunga mfuniko, na kitaa kikaanza kukonyeza. Akaufungua upesi. Kioo kilibaki cheusi. Chini kwenye milango, spika zikawa kimya, na wapiga debe, watu wasionyamaza hata msibani, wakanyamaza na kutazama juu.

Alivuta droo, akatoa kipaza sauti chake cha zamani, akakipangusa kwa upindo wa gauni na kukichomeka.

Akaita basi la mpakani. Kisha, kwa kuwa dirisha la chumba hicho linatazama kituo chote, mazoea yakamrudia. Tiketi za kila safari zina rangi yake, na yeye rangi hizo huzisoma kutoka ghorofani. Alimwambia mzee wa kofia nyeupe, mwenye tiketi ya kijani, aliyekaa mlango wa nne, kwamba basi lake liko mlango wa pili, ainuke taratibu, litamngoja. Akamwambia mama mwenye mapacha asikimbie. Akamshauri kijana mmoja afunge zipu ya begi lake kabla wenye vidole vyepesi hawajamsaidia kuifungua zaidi.

Kituo kizima kikaangua kicheko. Mpiga debe mmoja akapaza sauti kwamba Mama Mlango kapona mafua. Watu wakampungia mikono, na yule mzee akavua kofia. Mkata tiketi anasema alimsikia shoga yake akicheka hewani, akakosea chenji ya mtu.

Kabla ya adhuhuri fundi alifika, akaiamsha laptopu na kuifundisha upya isijali mfuniko. Mafua yakarudi. Zaidi ya fundi, siku hiyo pia hakuna aliyepanda ngazi.

Kesho yake Mama Mlango alikwenda kwa meneja na ombi moja. Mashine ibaki na ratiba yake. Yeye arudishiwe kipaza sauti kwa saa moja tu ya asubuhi, aongee na wale ambao mashine haiwaoni.

Meneja hafichi kwamba ombi hilo linamtatiza. Anaisifu laptopu kwamba haina udhuru, haina msiba, haichelewi. "Halafu fikiria," anasema, "sauti ile ile inatoka kwa wawili. Abiria amfuate yupi?" Kuhusu lini atatoa jibu, anasema tutaona. Na "tutaona" ya bosi, kila aliyewahi kuajiriwa anaijua ladha yake.

Juu ghorofani, Mama Mlango anamuuliza mwandishi wa habari hii kama mambo ya mashine nayo yatatoka gazetini. Anaambiwa yatatoka. Anafikiri kidogo, huku akimkuna paka shingoni. Binti yake husoma magazeti ya nyumbani kwenye simu.

"Basi bora anisikie kabla hajanisoma," anasema.

Simu inapoita, anaiweka sauti ya nje kama kawaida yake, ili mkono mmoja ubaki kwenye mashine. Binti anaamkia shikamoo, mama anaitikia marahaba. Hapo hapo spika zinaita basi la mpakani, mlango wa tatu.

"Mama, naona uko hewani," binti anasema. "Nitapiga siku nyingine. Ila tangawizi unywe."

"Usikate, mwanangu. Huyo siyo mimi."



"Ni mashine," Mama Mlango anasema. "Walinirekodi mwaka ule ulioondoka. Mimi nimekaa hapa, mdomo nimeufunga, naangalia taa. Nina nafasi asubuhi nzima. Nimekuwa na nafasi siku zote."

"Na mafua?" binti anauliza.

"Yalipona wiki ile ile."

Kinasikika kicheko, halafu mtu anapenga. "Mimi huku nimeshamwambia kila mtu mama yangu mgonjwa."

Wanazungumza. Mama anamsimulia habari za paka, za mke mwenza, za mzee wa kofia nyeupe na ombi lililoko mezani kwa meneja. Spika zinaita mlango wa pili, zinaita wa tano, na safari hii hakuna anayekata.

"Wakikupa hicho kipaza sauti," binti anauliza, "nitakusikiaje?"

"Piga saa hii hii. Nitaiweka simu dirishani, usikilize."

"Sasa nitajuaje ni wewe, siyo mashine?"

Mama Mlango anauondoa mkono juu ya mfuniko.

"Utajua," anasema. "Sina mafua."