Kwa Nini Kultum Hakushuka Upesi

Kwa miaka mingi nimeuza nguo za mitumba hapa Suna, mjini Migori, mkabala na duka la magodoro na mapazia la Kultum na mumewe Ahmednur. Mtu anayeuza mitumba hukaa sana na hutazama sana. Kwa hiyo niliona mapema kwamba Kultum akifika na gari lake la bluu, hashuki. Analiegesha mbele ya duka, injini inaendelea kunguruma, naye ameketi ameshika usukani kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Wateja wanamngoja mlangoni. Anawapungia mkono, lakini hatoki. Baadaye ndipo injini inazimwa na mlango unafunguliwa.

Vijana wa bodaboda walimwita Madam Turbo.

"Madam Turbo, leo umeganda kwa kiti?"

"Nangoja wewe uoge kwanza, ndiyo nishuke," aliwajibu, nao wakacheka.

Sisi wanawake wa mitumba tulisema ni maringo. Kwetu mtu akikufikia hushuka, akakupa mkono. Kukaa ndani ya gari huku watu wamesimama ni kuwaambia kwamba wao ndio wakufuate wewe. Tulimwona mwanamke wa Garissa aliyekuja na mume, akapata duka, akapata gari la mbio, akasahau kwamba anaishi na watu.

Sikumjua vizuri mpaka gari letu lilipokufa karibu na Rodi.

Binti yetu Achieng ana selimundu. Damu yake inapogoma, mifupa humuuma mpaka analia bila sauti, na hapo ni lazima afike hospitali upesi, awekewe maji na dawa ya maumivu. Siku hiyo tulikuwa tukitoka Rusinga, nyumbani kwa wazazi wa mume wangu Barnabas. Maumivu yalianza tulipopita Homa Bay, na badala ya kurudi, tulisema tusonge mbele hadi Migori ambako madaktari wanamjua. Gari letu lilikuwa kuukuu. Lilipanda mlima likitetemeka, likatoa mvuke, likasimama. Nilimlaza Achieng kwenye leso kando ya barabara, nikashika kichwa chake. Barnabas alisimamisha kila gari lililopita. Lililosimama ni la bluu.

Kultum hakuuliza maswali. Alihamisha mabunda ya mapazia, akakunja kiti, tukamlaza mtoto. Ahmednur, ambaye macho yake yameharibiwa na ugonjwa wa sukari, alihamia nyuma akashika miguu ya Achieng ili asigongwe kwenye mashimo. Gari lile lilipanda milima kama halina mzigo. Kila lori tulilolifikia, Kultum alitazama mbele, akakanyaga, tukawa tumelipita kabla sijamaliza kuogopa. Tulipofika hospitali, Barnabas alimbeba mtoto ndani. Mimi nilirudi kuchukua leso, nikamkuta Kultum bado kwenye usukani, injini ikinguruma.

"Dada, kwa nini hushuki?"

"Turbo imewaka," alisema. "Kuna kifaa humu kinachosukuma hewa kwa injini. Ndicho kinachotupa nguvu. Kinazunguka kwa kasi sana na kinakuwa moto kama mkaa. Nikizima sasa hivi, oili itasimama pale pale na kuungua, kama mafuta ukiyasahau kwenye kikaango. Nikiiacha ingurume kidogo, inapoa. Ahmednur alinifundisha hivyo."

"Sisi tulidhani unaringa."

Alinitazama, akaangua kicheko. "Wallahi, miaka yote hii? Basi ungeniuliza, Mama Achieng!"

Baada ya hapo alikuwa akivuka barabara kuja kuketi kwangu mchana. Alinisimulia jinsi alivyojifunza kuendesha gari. Ahmednur ndiye aliyelinunua gari lile likiwa limetumika, kwa sababu walikuwa na watoto watano na wateja hadi Homa Bay na Sori, na alitaka gari la kubeba nyumba nzima na bado lipande mlima. Macho yalipoanza kufifia, alimpeleka mkewe kwenye uwanja mtupu, akaketi kando yake bila kuona vizuri, akawa anasikiliza injini na kumwambia wakati wa kubadilisha gia. Kultum aligonga goli la watoto. Watu wakasema mwanamke wa hijabu hawezi kukimbiza gari la wahuni. Ndugu za mumewe walitaka liuzwe. Alikataa, kwa sababu bila gari lile duka lingefungwa na watoto wangerudi Garissa.

Kwa hiyo Barnabas alipoamua kwamba safari hii tutanunua gari lenye nguvu, nilijua wa kumuuliza. Barnabas alitaka gari la Joash wa Homa Bay, rafiki yake wa kanisani, aliyekuwa akiuza stesheni wagoni ya turbo. Mimi niliogopa. Sikuogopa mwendo tu. Niliogopa kulala tena kando ya barabara na mtoto.

"Usinunue kwa macho ya mume wako," Kultum aliniambia. "Mwanaume akiona gari la mbio anakuwa kijana. Nenda asubuhi bila kumwambia saa. Shika boneti. Ikiwa ya moto, ameshaliwasha ili usione linavyoamka. Likiamka baridi, tazama moshi. Simama nyuma, ulitazame likiwa tupu. Likiwa limeinua makalio, wameliwekea springi ngumu, limebeba magendo ya mpakani. Magurudumu yote manne yawe ya aina moja na yameisha sawa, kwa sababu yote yanavuta, na moja likiwa tofauti linasumbua mengine. Halafu muulize anaangalia oili mara ngapi. Akisema anaangalia kwa fundi tu, toka. Gari hizi zinakunywa oili. Mimi naangalia kila nikijaza petroli."

"Utakuja nami?"

"Nitakuja. Lakini mimi si fundi. Nitakuambia ninachokijua tu."

Tulifika kwa Joash asubuhi kwa gari la Kultum, tukamkuta akinywa chai. Barnabas aliona aibu kuja ghafla, akaanza kueleza jinsi tulivyokuwa tukipita tu. Kultum alikwisha kuweka kiganja kwenye boneti. Baridi. Gari liliamka mara moja, bila moshi. Makalio hayakuinuka, magurudumu yalikuwa ya aina moja. Joash alivuta kijiti cha oili mwenyewe, akakifuta, akatuonyesha.

"Mwenyewe naangalia kila Jumapili kabla ya kanisa," alisema.

Kultum alininong'oneza, "Hili ni safi, dada. Mwambie mumeo asichekecheke sana, asionekane ana haraka."

Tuliingia wote wanne, Joash akaendesha hadi Rodi na kurudi. Barnabas alikuwa mbele, akicheka kila turbo ilipovuta. Kultum alikuwa akisifu viti. Mimi, kwa sababu nina hofu ya kila kitu, nilimtazama Joash.

Kule Rodi alimwona mzee wa kanisa kando ya barabara. Alisimama, akazima, akashuka akampa mikono miwili. Kwenye kituo cha petroli alizima kabla gari halijatulia, akashuka kumjulia hali mama mmoja muuza ndizi, akauliza habari za wajukuu. Tuliporudi kwake, tukiwa tumetoka kupanda kwa kasi, mama yake mzee alikuwa amesimama uani na fimbo yake. Joash alizima gari likiwa bado linatembea kidogo. Alikuwa ameshafika kwa mama yake kabla sisi hatujafungua milango.

Ni mtu mwenye adabu sana. Hapo ndipo nilipokumbuka kikaango cha Kultum.

"Joash," nilisema, "huwa unazima hivyo siku zote?"

"Hivyo vipi, Mama Achieng?"

"Mara tu unapofika."

Alishangaa. "Sasa nimwache mama yangu amesimama juani, mimi nimekaa nasikiliza injini? Nitamsalimu nikiwa nimeketi?"

Kultum aliacha kusifu viti.

Barnabas alinivuta kando. "Nini tena?"

"Sitaki tulichukue kabla fundi Oyaro hajaitazama turbo."

"Kwa nini? Kila kitu tumekagua. Hata Kultum amesema ni zuri."

"Anazima likiwa moto. Kila mahali ana mtu wa kusalimia."

Barnabas alinikodolea macho, Kijaluo kikamtoka. "Yawa, min Achieng! Unakataa gari kwa sababu mwenyewe ana adabu? Nimwambie nini huyu? Kwamba angekuwa na kiburi tungenunua?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Hakumwambia hivyo. Alimwambia kwamba mke wake ana wasiwasi wa kawaida wa wanawake, na kwamba tuna fundi wetu Migori. Niliiacha ipite. Joash alikubali bila ubishi, maana hilo nalo ni adabu, akatufuata hadi Suna.

Oyaro alifungua bomba la hewa, akaingiza kidole, akakitoa kimelowa oili. Akashika mhimili mdogo unaozungusha turbo, akautikisa. Ulicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Kisha akaliwasha gari, akaliacha lingurume kwa muda, akakanyaga. Moshi wa bluu ulitoka nyuma, mtaa mzima ukaunusa.

"Asubuhi haukuonekana kwa sababu lilikuwa baridi na mlilitazama kidogo tu, na njiani mlikuwa ndani," alisema Oyaro. "Bado lingetembea. Wiki mbili, miezi mitatu, sijui. Lakini likikata njiani, linakata."

Niliwaza Rodi. Niliwaza leso.

Joash alilizunguka gari lake, mikono nyuma. Nilidhani amekasirika. Halafu alisema, "Kwa hiyo ni salamu ndizo zimeniharibia gari?"

"Si salamu," Kultum alimwambia kwa upole. "Ni haraka ya salamu. Mimi hapa wamenisema miaka yote. Waulize hawa."

Vijana wa bodaboda walikuwa wamejaa kutazama. Mmoja alisema, "Madam Turbo, kumbe ulikuwa unapoa!" Hata Joash alicheka.

Joash alitaka kuuza, na sisi tulitaka gari lile likiwa zima. Walielewana na Barnabas kwamba aweke turbo nyingine kwanza, kazi ifanywe na Oyaro tukiona. Kuingoja kulinikera, kwa sababu kila siku bila gari niliihesabu kama siku ya hatari. Lakini ilifungwa, tukalinunua, na Barnabas akalipeleka Rusinga kumwonyesha baba yake.

Ile safari ya kwanza ilikuwa mtihani. Tulivuka daraja la Mbita, tukapanda hadi boma. Baba mkwe alikwisha kusimama langoni, amevaa koti, mkono mbele. Nilimwona Barnabas akipeleka kidole kwenye swichi. Achieng, aliyeketi nyuma, alimshika bega.

"Baba, ngoja ipoe."

"Jaduong' amesimama! Nimwache mzee hivyo?"

"Mimi na mama tutashuka."

Tukashuka. Tulimsalimu mzee kwa heshima zote, nikamweleza. Alinisikiliza, akatazama gari lililokuwa likinguruma na mwanawe aliyeketi ndani kama mfungwa.

"Sasa amekuja kuniona, au amekuja kukaa na moto wake?"

"Anaupoza, baba."

Mzee alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi karibu na mwanawe. Walipeana mikono humo ndani. Injini ilipozimwa, hawakushuka. Walibaki wakizungumza mpaka chai ikapelekwa garini. Tangu siku ile, tukifika, mzee hangoji tena langoni kama zamani. Anakuja moja kwa moja kwenye kiti chake cha mbele.

Mwezi wa pili tangu tulinunue gari, tukiwa tena Rusinga, maumivu yakamshika Achieng baada ya chakula cha mchana, kifuani na mgongoni. Kifua ndicho ninachokiogopa zaidi. Hatukusema Migori safari hii. Barnabas alielekea Homa Bay, na lile gari likaenda kama la Kultum lilivyokwenda siku ile ya Rodi. Niliketi nyuma na kichwa cha mtoto mapajani, nikisikiliza kila sauti ya injini, nikingoja ikate. Haikukata.

Tulifika mlango wa hospitali. Barnabas alisimama, akaweka mikono kwenye usukani, akatulia. Alikuwa amezoea. Alikuwa akiingoja ipoe.

"Shuka!" nilipiga kelele. "Zima! Mbebe!"

Alizima, akambeba, akakimbia. Sikutazama gari mpaka jioni, Achieng alipokuwa amewekewa maji na oksijeni na amelala. Nilitoka nikalikuta limekaa mlangoni pa ambulensi, mlango mmoja wazi, askari wa hospitali akilizunguka kwa hasira. Nilimwomba msamaha.

Niliporudi Suna nilimweleza Kultum. Nilimuuliza kama tumeliharibu.

"Mara moja haliharibiki," alisema. "Na hata lingeharibika, sawa. Siku hiyo hata mimi ningezima."

Hata hivyo Jumatatu nililipeleka kwa Oyaro. Alifungua bomba, akautikisa mhimili, nami nilikuwa nimeinama karibu naye nikitazama kidole chake. Haukucheza. Nilivuka barabara kumwambia Kultum. Alikuwa ndio kwanza amefika, ameketi ndani ya gari la bluu, injini ikinguruma. Nilifungua mlango wa upande wa pili, nikaketi naye tukangoja.