Nilipita Simulateur kwa Jina ya Yaya Yangu

Admin, jina yangu uifiche, juu bantu ya kwetu banasomaka hii page, na mama akiyua kwa njia hii itakuwa kilio mu nyumba. Mi niko na miaka 25, siyaoa, niko Kolwezi, commune ya Dilala. Natengenezaka ordinateur, na mu chumba ya mbele niko na kasalle ka michezo: PC mbili, manette ine za kushika mu mikono ya kuchezea, na kaske moya ya VR, ile unavaa ku macho unajiona sawa uko ndani ya mchezo. Bantu banabishana kwangu kutwa nzima, eti console njo muzuri, eti PC ni ya bantu ya kiburi. Aka! Wacha baseme. Mi ni wa PC mpaka kufa. Console inakupa paka kile inapenda. PC ikikataa, unaifungua, unaitengeneza, unaishinda. Na manette ya bila kamba siitaki hata kuisikia, inachelewa kidogo, na ile kidogo njo inakuuaka mu mchezo. Munaona namna ninasema? Hii kiburi yangu njo imetufikisha hapa.

Yaya yangu, mutoto mwanaume wa kwanza wa mama, alikuwa creuseur, muchimbaji wa madini kwa mikono. Tuliishi Kasulo, mutaa wa hapa Kolwezi, na shimo ilikuwa chini ya chumba yetu wenyewe, sawa kwa majirani. Siku moya udongo ilimufunika. Balimutoa kisha masaa mingi, muzima, lakini tangu siku ile hawezi kulala bila taa. Kisha tulihamishwa, juu kampani ya madini ilitaka ile udongo. Hii mwaka kampani moya, jina siitaji, ilisema kila famille yenye ilihamishwa itapata nafasi moya ya kazi: kuendesha camion kubwa za kubeba mawe ya madini mu mine. Jina yenye iliandikwa ni ya mutoto mukubwa, juu tata, baba wa nyumba, akishakufa, kwetu mutoto mukubwa njo anasimama pa nafasi yake. Hakuna mwenye aliuliza nani anayua kuendesha. Yaya anayua paka pikipiki.

Mutihani ulikuwa wa simulateur: unakaa mu kiti, usukani mu mikono, kaske ya VR ku macho. Nikamuambia, "Yaya, usiogope, hii ni kazi yangu, nitakufundisha." Nikamuvalisha kaske yangu. Hata dakika moya haikuisha. Alipiga makelele, akaivuta akaitupa chini, akaanguka ku magoti akitapika. "Niko mu shimo! Munitoe!" Mi nilikuwa nimesimama pale na manette mu mukono sawa mujinga. Alipotulia akaniambia, bila kuniangalia, "Mudogo, enda wewe. Photo ya carte yangu ya électeur, ile ya kitambulisho, imefutika yote, hakuna mwenye atayua. Famille iko na paka hii nafasi moya." Nikakubali. Na siwadanganye bandugu, nilikubali na roho yote, juu nilitaka kuigusa ile machine.

Ilitosha nipite tu. Lakini nilipovaa ile kaske, mama eh! Picha haitingishike, usukani unakurudishia uzito ya mawe mu mikono. Nikasahau yaya, nikasahau mama, nikacheza. Nilishusha camion yenye imejaa ku mulima, mvua inanyesha, breki inakataa, nikaisimamisha pa mustari kabisa. Mwenye kupima akapiga mikono. Jina ya yaya ikatoka ya kwanza. Kumbe bale ya points ya katikati banafundishwa miezi mitatu. Bale ya juu banapewa siku mbili na mwalimu, kisha banapanda peke yao. Kama ningecheza mubaya kidogo tu, yaya angefundishwa! Hakuna mwenye alinituma kuwa wa kwanza.

Mama alitoa ushuhuda mu kanisa, bantu bakaimba. Bibi ya yaya anaringa ku soko. Yaya mwenyewe amegawa bitu yake yote ya kuchimba kwa barafiki. Zile siku mbili na mwalimu, mwenye hakuona mutihani, ziliisha juzi. Alirudi, hata bukari mu sahani hakumaliza. Alisema aligonga ukuta ya udongo mara mbili, na mwalimu akamutuliza eti ni woga ya mwanzo tu, itapita, juu points yake ni ya ajabu.

Nikamuita pembeni. "Yaya, ile kitu si pikipiki. Magurudumu yake inakupita urefu, na kunapita bantu pembeni. Twende bureau tuseme ukweli."

Akacheka kidogo. "Si wewe njo unasemaka mwenye anayua manette anayua yote?"

"Nilikuwa naringa tu, yaya. Unisamehe."

Hapo akakasirika. "Kampani ilisema udanganyifu unafuta famille yote ku liste. Unataka nirudilie mu shimo? Sema, unataka?"

Nikarudi mu salle. Namna gani nimurudishe kule, mi mwenye nilimuona ku magoti? Nilifikiri kumuambia mama, nikaona vile anaimba akifua overall mupya ya yaya, nikageuka nikatoka. Nilifikiri kupigia mwalimu simu, lakini kwa jina ya nani? Salle nimeifunga tangu juzi. Vijana banagonga mulango, najificha ndani sawa mwizi.

Kesho anapanda peke yake. Bus ya batumishi inapita saa kumi na moya asubui, na yaya, usingizi yake inakuyaka paka karibu na mapambazuko, hata simu ikilia karibu na sikio hasikii. Leo kisha misa ameniomba, na upole wote, mi njo nimuamushe. Nimeitika ndiyo. Nikimuacha alale, nafasi imepotea na hatanisamehe, na bibi na batoto yake batakula nini? Nikimuamusha, ni mi njo nimemupandisha ile camion mara ya pili. Bakubwa, mama zangu, muko wengi hapa, na kuko benye banafanyaka kazi mu mine. Munijibu leo hii: nimuamushe, ao nimuache?