Milango ya Mtakatifu Barbara

Enzi zetu, mwezi wa kumi na mbili ulianza kwa harufu ya chokaa. Kambi yetu ya wachimba shaba, hapa Lubumbashi, ilipaka kuta upya hata kama mvua ya kesho yake ingeziosha, kwa sababu Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, alikuwa anakuja kutembelea nyumba. Mama alipika sombe, majani ya muhogo, na samaki wakavu wa Kasenga tangu alfajiri, ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ikipoa chini ya meza, na sisi wasichana tulisukwa nywele hadi macho yakavutika. Ukilia, uliambiwa: "Nyamaza! Mutakatifu anakuya, haiko muchezo."

Bibi yangu, tuliyemwita Nkambo, ndiye aliyenieleza chanzo. Siku moja shimo lilibomoka wanaume wakiwa chini. Wanawake wakapiga magoti kwenye matope mbele ya geti la mgodi, wakimwita Barbara siku mbili mfululizo. Baadhi ya waume walitoka hai. Wengine hawakutoka. Seremala mmoja wa reli, ambaye mdogo wake alibaki humo, akachonga sanamu ya mtakatifu kwa mti mwekundu wa mulombwa, na mnara mdogo, alama yake, mkononi. Tangu hapo, kila mwaka sanamu ilibebwa mabegani na kusimama mbele ya mlango wa kila aliyefia mgodini. Jina la marehemu lilitajwa kwa sauti, na kambi nzima ikajibu: "Iko na siye!" Mabati yalitetemeka.

Nilipokuwa na miaka tisa, mlango wetu nao ukawa mmojawapo. Nilisikia jina la baba, Ilunga, likiitwa barabarani na watu ambao wengine hata hawakumfahamu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona mama amenyoosha mgongo.

Ndiyo maana hasira hii hainitoki.

Mwaka huu tulikuwa na kamati mpya ya sikukuu, vijana wenye suti za kubana na simu mbilimbili. Walinunua sanamu ya plasta, nyeupe kama sabuni, wakaipandisha kwenye pikapu. Mama, ambaye sasa ana miaka themanini, alikaa mlangoni tangu asubuhi amejifunga kikwembe chake, kitenge cha sikukuu, kitambaa cheupe kimetandikwa juu ya kiti kando yake. Pikapu ikapita. Haikupunguza hata mwendo. Matope yakarukia kitambaa. Na kule nyuma ya gari kijana mmoja alikuwa amempa mtakatifu mgongo, akijipiga picha.

Nilikimbia, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na mitano, viatu mkononi, hadi ukumbi wa parokia. Nikamkuta mwenyekiti wa kamati anapanga viti vya wageni wa heshima.

"Mbona hamukusimama kwetu?"

"Mama, tumechelewa, tuko en retard. Bakubwa ba mugodi banatungoya. Bale balikufa, tutabaombea humu."

"Mutaita majina yabo?"

Akatazama saa. "Tutasema: na bengine bote."

Na bengine bote! Baba yangu, aliyeacha sahani yake imefunikwa mezani, ni bengine bote! Sikumpiga. Mungu anajua nilitaka.

Nilizunguka hadi stoo. Sanamu ya seremala ilikuwa imelazwa chali nyuma ya viti vya plastiki, fagio juu ya kifua. Nikawaita wanawake watatu niliokua nao kambini, tukaibeba, tukatokea mlango wa nyuma. Tulipita nyumba zote tulizozikumbuka. Moja sasa ni baa. Mwenyewe alizima muziki, akavua kofia. Kwingine alitoka mpangaji mwenye mtoto mgongoni, akauliza: "Nani alikuwa anaikala hapa?" Tukamwambia jina. Akaitikia pamoja nasi.

Kwa mama tulifika jua likishuka. Nilitazamia machozi, au shukrani. Yeye akalitazama bega langu lililovimba, akasema: "Na weye, tangu uliolewa, ulibebaka mutakatifu mara ngapi?"

Kila mwaka nilikuja, nikala sombe, nikasimama pembeni na mwavuli nikingoja wengine wabebe. Wanaume wa zamani walichoka, mabega yakaisha, na hakuna aliyewapokea mzigo. Kamati ilikuta nafasi tupu, ikaweka gari. Basi sehemu ya hasira hii ni yangu mwenyewe, na hiyo ndiyo inayouma zaidi.

Jumatatu padri alituma mtu kudai sanamu. Mama, ambaye ameiweka sebuleni karibu na redio, alimjibu yule mjumbe bila kusimama: "Mumuambie akuye yeye mwenyewe, na miguu, apite ku milango yote."

Hajaja bado. Enzi zetu padri ndiye aliyetangulia mbele ya wote, kanzu imelowa matope hadi magotini, na hakuna aliyehitaji kumwita.