Nati ya Gesi Iliyolegea Mara Tatu

Nilirudi Mosocho kutoka Qatar na stashahada ya ufundi wa mabomba, nikajenga nyumba ya vyumba sita, gesi ikipita ukutani hadi jikoni. Hakuna mwingine kijijini mwenye nyumba kama hiyo, na naishi humo peke yangu.

Gesi ilipovuja mara ya kwanza nilimwita Nyakundi, fundi mwenye leseni, kwa sababu stashahada yangu, ingawa inaishinda kozi yake kwa mbali, haijanipa leseni ya hapa. Alikaza nati, akabaki kwa chai, tukacheka saa mbili nzima.

Nakiri kwamba wiki iliyofuata niliilegeza nati ile kwa mkono wangu, nikampigia simu. Juzi nikarudia.

Nyakundi aliikaza, akapaka povu la sabuni kuhakikisha, kisha akatazama chupa ya chai na vikombe viwili mezani.

"Mzee, si umesema gesi inavuja tangu asubuhi? Chai hii umepika na nini?"

"Makaa," nikasema.

"Makaa gani, na hapa hakuna hata jivu?" Hakucheka. "Nati haijilegezi, mzee. Nyumba ikikulipukia, nani atajua ulikuwa ndani?"

Nilifungua mdomo nimtajie mtu, nikakosa jina.