Baada ya Misa ya Shukrani

Siku ile naikumbuka kwa matope yake. Nilikuwa natoka mtaa wa Cimpunda, pikipiki niliyopanda ikateleza mteremkoni, nikagonga kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Damu haikutoka. Hospitalini picha ya kichwa haikuonyesha kitu, na Jumapili iliyofuata familia ikatoa misa ya shukrani. Tulikula, tukacheza, jirani mmoja akanitania kwamba kichwa chenye lisansi ya chuo kikuu ni kigumu kuliko saruji.

Mwanangu (mtoto wa kaka yangu ni wangu, hata kama mimi mwenyewe bado natafuta kazi na sina cha kukupa), shida ilikuja baadaye. Usingizi ulipotea, kisha hamu ya chakula, kisha hamu ya watu. Sikusema. Niliwaza: tumemshukuru Mungu mbele ya parokia nzima, nikisema siko mzima, si ni kama kumrudishia zawadi yake? Niliwaza hivyo mpaka nikaanza kuona nyumba ingepumua vizuri bila mimi. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Bibi yangu, tuliyemwita Koko, akaja kutoka kijijini Mudaka na maharage yake. Alinikalisha nichambue. Mawe yalinipita, machozi yakaanza kunitoka bila sababu. Aliponiuliza, nilimweleza yote, hata ile aibu ya misa. Hakuacha kuchambua.

“Tulishukuru juu haukukufa, maman,” alisema, akiniita mama kama alivyozoea kuwaita wajukuu wake wa kike. “Kupona iko kitu ingine. Nani alikuambia Mungu anachanganya hizo mbili?”

Kesho yake alinipeleka mwenyewe kwa daktari. Huyo alieleza kwamba ubongo ukitikisika, hata kidogo, kemikali zinazobeba ujumbe kati ya seli zake zinaweza kuvurugika, na huzuni ya namna ile ni ugonjwa, si imani haba. Nilipewa dawa, pia mtu wa kuongea naye. Nafuu ilikuja polepole. Bado nawaza kupita kiasi, lakini hiyo ni tabia yangu tangu utotoni, pikipiki haina kosa.

Basi, mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Ukigonga kichwa, hata ukiinuka ukicheka, endelea kujichunguza kwa majuma na miezi. Moyo ukizama, mwambie mtu mapema, ukiwa bado na nguvu ya kusema. Shukuru, kisha nenda kwa daktari.

Mungu akubariki, akutunzie kichwa na vyote vilivyomo.