Upindo wa Gauni la Phoebe

Nyamvula, fundi wa nguo pale Bombolulu, alilishona gauni la ubatizo kwa wiki nzima, ingawa lilikuwa kazi ya siku moja. Alikuwa akivuta muda. Jirani yake Vivian alikuwa amemwomba awe msimamizi wa mtoto wake Phoebe, naye Nyamvula tangu amzike mamake alikuwa akisali Rozari huku akijiuliza kama kuna anayemsikia. Aliogopa kusimama mbele ya padri aseme "Nasadiki", kisha iwe uongo.

Jumamosi Vivian alipokuja kulijaribisha gauni, Nyamvula alimweleza yote bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Tafuta mwingine, Mama Phoebe. Imani yangu haitoshi."

Vivian alimvisha mtoto, akaugeuza upindo, akacheka. "Na kitambaa chote hiki ulichokunja huku ndani ni cha nini?"

"Cha kulirefusha baadaye. Mtoto hukua."

"Ehee! Phoebe umemwachia nafasi ya kukua. Wewe je, mwenzangu, ulizaliwa umeshamaliza kurefuka?"

Nyamvula alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamtangulia.

Kesho yake kanisani, padri alipouliza kama wanamsadiki Mungu, shaka ilikuwa bado haijamtoka. Hata hivyo aliitika "Nasadiki!" kwa sauti iliyowatangulia wengine wote. Phoebe alishtuka mikononi mwake, akamkodolea macho, kisha akamchekea kwa ufizi mtupu, na akina mama wa jumuiya wakashindwa kungoja maji: vigelegele vikapasuka papo hapo.